Nesi wa Kituo cha Afya na Mzee Aliyeanza Kusahau



Mzee akianguka akavunjika nyonga, sote tunajua pa kumpeleka. Mzee akianza kuuliza jambo moja mara tano kabla ya chakula cha mchana, hatujui. Wengine husema ni uzee tu, wakamwacha. Wengine humtafutia mwalimu wa kumsomea. Wengine hungoja miezi mpaka wapate nafasi kwa daktari bingwa wa hospitali kubwa, na wakishatoka huko na karatasi yenye jina la maradhi, hurudi nyumbani wasijue la kufanya kesho asubuhi.

Katikati ya hayo yuko mtu mmoja ambaye watu wetu hukutana naye kila mara pale kituo cha afya, wakampa mkono apime presha, wakaondoka. Huyo ni nesi. Makala haya yanaeleza kazi anayoweza kutufanyia pale dimenshia inapoingia nyumbani, na sisi tumsaidie vipi ili aifanye vizuri.

Maradhi yenyewe

Dimenshia, ambayo Waarabu huiita kharaf, si maradhi mamoja. Ni jina la hali ambayo ubongo huharibika kidogo kidogo, mpaka kumbukumbu, maneno, hesabu na uamuzi vikadhoofika kiasi cha mtu kushindwa kuendesha siku yake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na kila mwaka hupatikana wagonjwa wapya karibu milioni 10. Iliyo nyingi zaidi ni ile ya Alzheimer, kwa jina la daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliyeieleza mwaka 1906. Hiyo huchukua kama 60 hadi 70 kwa mia. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hiyo huwaandama khasa watu wenye presha na sukari. Sina haja ya kuwaambia ni nyumba ngapi zetu hapa Ghuba hazina mtu mwenye presha au sukari.

Kusahau kwa kawaida ya uzee ni kitu kingine. Mzee akisahau alipoweka miwani yake, akaitafuta akaipata, hayo yanatupata sote. Lakini akiikuta miwani ndani ya jokofu na asijue imefikaje huko, hapo pana jambo. Bibi akisahau chumvi siku moja, ni bahati mbaya. Bibi aliyepika biriani miaka hamsini, leo anasimama mbele ya jiko hajui kinachoanza na kinachofuata, huyo anahitaji kupimwa. Kadhalika babu anayepotea njia ya kutoka msikitini kurudi nyumbani, au anayempa muuza duka noti ya riali ishirini kwa mkate na asingoje chenji.

Kwa nini nesi

Wale waliofika Oman katika miaka ya 1970 wanajua nchi ilipoanzia. Kabla ya mwaka 1970 hospitali zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, mojawapo ile ya wamisionari wa Kimarekani huko Mutrah. Leo vituo vya afya vimefika mpaka kwenye miji midogo ya ndani, na ndani yake mna manesi ambao wengi ni watoto wa nchi, na wengine ni watoto wetu wa Kiswahili.

Mzee mwenye sukari au presha huenda kituoni mara kadhaa kwa mwaka. Daktari huenda akabadilika, lakini nesi wa chumba cha sukari mara nyingi ni yule yule. Anamjua mzee alivyokuwa mwaka jana. Kwa hivyo huona mambo ambayo anayekutana naye leo hawezi kuyaona: mzee aliyekuwa hakosi siku yake, sasa anakuja siku isiyokuwa yake, sukari iliyotulia miaka sita imepanda ghafla, vidonge vya mwezi vimebaki nusu, au vimekwisha kwa wiki mbili, uzito umepungua, vifungo vya nguo vimepishana. Na kila akiulizwa jambo, humgeukia mkewe amjibie. Hili la mwisho watu wa nyumbani hawalioni, maana wameshazoea kumjibia.

Nesi hatoi hukumu kuwa fulani ana dimenshia. Hiyo ni kazi ya daktari. Kazi ya nesi hapo mwanzo ni kuhakikisha kuwa halipitwi jambo linalotibika, kwani si kila anayesahau ana maradhi yasiyokuwa na dawa. Damu hupimwa kutazama upungufu wa damu, tezi la shingo lililolegea, chumvi za mwili, na vitamini B12. Mtu aliyetumia vidonge vya metformini vya sukari kwa miaka mingi huweza kupungukiwa na vitamini hiyo, na upungufu wake huchanganya akili. Masikio hutazamwa, kwani asiyesikia swali hawezi kulijibu, na wapo waliodhaniwa wamepotewa na akili kumbe masikio yamejaa nta. Macho hutazamwa. Huzuni kubwa hutazamwa, khasa kwa aliyefiwa. Na dawa zote hutazamwa: baadhi ya dawa za mzio, za kibofu na za usingizi huuweka ubongo wa mzee katika ukungu. Ndiyo maana nesi anapokwambia lete dawa zote, anakusudia zote, pamoja na zile ulizonunua mwenyewe duka la dawa na zile ulizoletewa kutoka Zanzibar au Bombay.

Vile vile nesi hutofautisha kinachokuja polepole na kinachokuja ghafla. Dimenshia haiji kwa usiku mmoja. Mzee aliyekuwa mzima Jumatano, na Ijumaa anaweweseka, haijui nyumba yake, au amelala tu haamki vizuri, huyo ana dharura. Huenda ikawa uambukizo wa mkojo au wa kifua, maji yamempungua kwa joto, sukari imeshuka, au choo kimefunga siku nyingi. Mzee mwenye dimenshia hupatwa na hali hii kwa urahisi zaidi, na watu wa nyumbani husema maradhi yake yamezidi. Usingoje. Mpeleke siku ile ile.

Lugha, na saa yetu ya Kiswahili

Hapa nafika penye jambo linalotuhusu sisi kuliko wengine.

Wazee wetu wengi walizaliwa Unguja, Pemba, Mombasa, Tabora, Bujumbura au Kongo, wakafika huku wameshakuwa watu wazima. Kiarabu wengi walikijua cha chuoni na cha sala. Cha sokoni na cha ofisini walijifunza wakiwa na miaka thalathini au arubaini. Mara nyingi dimenshia ikiingia, lugha iliyokuja nyuma ndiyo inayotangulia kuondoka, na mzee hurudi kwenye ile ya mamake. Anayeulizwa kwa Kiarabu akanyamaza, huenda angejibu vizuri kwa Kiswahili.

Kipimo kifupi kinachotumiwa mara nyingi kina sehemu mbili. Mzee huambiwa maneno matatu ayakumbuke, kisha huambiwa achore uso wa saa na aweke mishale, halafu huulizwa yale maneno. Ni kipimo kizuri, cha dakika tatu tu. Lakini tazama kinavyoweza kumdhulumu Mswahili. Wakati unaotakiwa kuchorwa kwa desturi ni ule ambao mshale mfupi uko kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Sisi tunauita saa tano na dakika kumi. Mkalimani akitafsiri neno kwa neno kutoka Kiarabu au Kiingereza, atamwambia mzee "saa kumi na moja na dakika kumi". Mzee aliyekulia saa ya Kiswahili ataweka mshale mfupi kwenye 5. Amefanya sawasawa alivyoambiwa, na ataandikiwa kuwa amekosea.

Siku za wiki nazo zina mtego wao. Jumatatu yetu ina tatu ndani yake, lakini kwa Waarabu siku hiyo ni al-ithnayn, yaani ya pili. Siku yao ya tatu ni Jumanne yetu. Mzee anayechanganya lugha mbili anaweza kukosea siku moja na akili yake ni nzima. Na akiulizwa tarehe, huenda akajibu ya mwezi wa Kiislamu, ambayo anaijua kuliko wanawe.

Dada yangu mkubwa alipimwa namna hiyo, kwa mkalimani. Mshale aliuweka kwenye 5, na siku aliitaja visivyo, tukaambiwa hali yake iko mbali sana. Baadaye nesi mmoja kijana, ambaye bibi yake ni mtu wa Pemba, alikaa naye akamwambia, "Bibi, nichoree saa tano na dakika kumi, kama ulivyokuwa ukiitazama skuli." Akaichora, mishale yote miwili mahala pake. Lakini yale maneno matatu hakulikumbuka hata moja. Kwa hivyo maradhi yalikuwapo, ila hayakuwa pale tulipoambiwa. Kwetu tofauti ile ilikuwa kubwa: mtu aliye mwanzoni bado anaweza kuulizwa anataka nini, nani amshikie fedha zake, na nani amuuguze. Aliyeandikwa kuwa yuko mwisho haulizwi tena.

Basi mwambieni nesi mapema: huyu mzee wetu lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, saa anaisoma kwa Kiswahili, na skuli alifika darasa fulani au hakusoma. Mtu ambaye hajapata kushika kalamu asipimwe kwa kuchora. Na mwanawe asiwe mkalimani, kwa sababu mapenzi humfanya amsaidie kujibu.

Kazi ya nesi nyumbani

Katika Oman wapo manesi wa jamii wanaowatembelea wazee majumbani, khasa wasioweza kutoka. Akija, msimkaribishe sebuleni tu mkamletea kahawa na halua. Mwacheni aingie chumbani, bafuni na jikoni. Ataona zulia linaloteleza, bafu lisilo na pa kushika, taa iliyo mbali na kitanda, mtungi wa gesi ambao mzee bado anaufungua mwenyewe. Atauliza mlango wa nje hufungwa vipi, kwani mzee akitoka saa saba mchana mwezi wa Juni bila ya maji, joto la huku halimngoji mtu kumtafuta.

Atatazama dawa. Sanduku la vidonge lenye vyumba vya siku saba ni kitu cha bei ndogo, na limewaokoa wengi wasimeze dawa ya presha mara mbili. Kwa wanaotumia dawa za Alzheimer, mfano wa donepezili, atapima mapigo ya moyo, kwani dawa hiyo huweza kuyapunguza, na atauliza juu ya kichefuchefu na uzito. Dawa hizi haziponyi. Kwa baadhi ya watu husaidia kwa muda, na ni vizuri familia ijue hivyo tangu siku ya kwanza ili isije ikadhani imedanganywa.

Watu wa nyumbani wakichoka na kelele za usiku huomba dawa ya kumtuliza mzee. Hapa nesi ana kazi kubwa ya kueleza. Dawa kali za kutuliza akili huongeza hatari ya kiharusi na ya kifo kwa mzee mwenye dimenshia, kwa hivyo daktari huziandika kwa shida na kwa muda mfupi. Kabla ya kufika huko, nesi hutafuta sababu: je, ana maumivu asiyoweza kuyasema? Ana njaa? Amebanwa na mkojo? Analala mchana kutwa? Ametolewa chumba alichokizoea? Mara nyingi kelele ni maneno ya mtu aliyekosa maneno.

Na nesi hufundisha kusema naye. Usimwulize, "Hunijui mimi?" Mwambie, "Mama, ni mimi Fatma, mwanao." Akimuuliza marehemu mumewe yuko wapi, usimpe habari ya msiba kila siku kana kwamba ni mpya, mwambie akusimulie habari zake. Mpe kazi anayoiweza: kuchambua mchele, kukunja nguo, kutia uzi shanga. Nyimbo za harusi na sura alizozihifadhi utotoni hukaa muda mrefu baada ya majina ya wajukuu kuondoka.

Mwezi wa Ramadhani unataka mpango wa mbele. Mzee aliye mwanzoni mwa maradhi, na ana sukari, huweza kusahau kuwa alikwisha kumeza dawa au kuwa hajala daku. Nesi hupanga na daktari saa za dawa kabla ya mwezi kuandama. Na yule ambaye akili imemwondoka, dini imeshamwondolea jukumu la funga. Asilazimishwe na asione kuwa anatengwa.

Anayeuguza naye ni mgonjwa wa nesi

Katika nyumba zetu anayeuguza ni mmoja. Mara nyingi ni binti, au mke wa mtoto wa kiume, na chini yake yuko msaidizi wa nyumbani aliyetoka Tanzania, Uganda au Indonesia, ambaye hakuna aliyemweleza maradhi haya ni kitu gani. Wengine wote hupiga simu kuuliza hali.

Nesi mzuri humgeukia huyo mmoja na kumuuliza, "Na wewe, mwanangu, unalala?" Kuna orodha ya maswali 22 iitwayo ya Zarit, ambayo hutumika duniani kote kupima mzigo wa mwenye kuuguza. Hata bila ya orodha, nesi atampima presha yake, atamwangalia kama ameingia katika huzuni, na atasema mbele ya ndugu lile ambalo binti mwenyewe anaona haya kulisema: kwamba kazi hii si ya mtu mmoja, na ndugu wa kiume nao wana mikono. Neno hilo likitoka kwa mtu wa afya aliyevaa sare, husikilizwa. Msaidizi wa nyumbani naye afundishwe na nesi huyo huyo kulisha, kuogesha, kumgeuza mzee asipate vidonda, na kutoa dawa.

Aibu ndiyo inayotuharibia. Tunamficha mzee chumba cha nyuma wageni wakija, tusije tukasemwa. Anayefichwa hatembei, hasemi, hacheki, na huzidi haraka.

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza

Huko nesi wa kliniki ya GP ana nafasi kubwa pia, na aliyeandikiwa dimenshia hutakiwa kutazamwa upya angalau mara moja kwa mwaka. Wapo pia manesi wa dimenshia khasa, waitwao Admiral Nurses, wa jumuiya ya Dementia UK, ambao kazi yao ni kuisaidia familia nzima. Wana simu ya ushauri isiyolipiwa. Jina lao limetokana na Joseph Levy, aliyepatwa na maradhi haya, ambaye kwa kupenda sana mashua aliitwa Admiral. Na anayehitaji mkalimani wa Kiswahili katika hospitali za serikali huko aombe, mgonjwa halipishwi.

Kwa walio bado wazima

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, lau yangeondolewa yote, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu dimenshia 45 katika kila 100. Ndani yake mna presha, sukari, sigara, unene, kukaa bila ya mazoezi, mafuta mabaya katika damu, upungufu wa kusikia na wa kuona, huzuni na upweke. Soma orodha hiyo tena: mengi katika hayo ndiyo kazi ya kila siku ya yule nesi tunayempa mkono na kuondoka.

Lete daftari

Nilikuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na skuli ya misheni niliyosoma ilitufundisha kuandika tarehe juu ya ukurasa kabla ya neno lolote. Ushauri wangu ni wa kikarani. Nunua daftari la shule, liweke karibu na dawa za mzee, na andika haya:

Tarehe, na jambo lililotokea: amepotea, ameanguka, amekataa kula, amelia usiku.

Dawa zote, kipimo chake, na saa inayotolewa.

Uzito wake kila mwezi, na siku alizopata choo.

Lugha anayoitumia, na maneno anayotumia kwa mambo ya lazima. Nesi wa Kihindi au wa Kifilipino asiyejua Kiswahili akisomewa kuwa "haja" maana yake ni choo, "kiu" maana yake ni maji, na "naumwa" maana yake ni maumivu, atamwelewa mzee hata usiku ambao wewe haupo.

Mambo anayoyapenda, na jina analopenda kuitwa.

Maswali yako wewe, kwani ukifika mbele ya daktari utayasahau.

Nesi mwenye daftari hilo mkononi ataweza kumwambia daktari, "Mabadiliko yalianza Februari, baada ya dawa mpya ya kibofu," na daktari ataweza kufanya jambo. Asipokuwa nalo atasikia kutoka kwenu maneno mawili tu, kwamba mzee anasahau, na hayo ameshayajua.